Je, Jiwe Likichimbwa Hurudi?

Leo tutasoma historia ya kitu mnachokikanyaga kila siku, nacho ni jiwe. Swali letu ni hili: mali ya ardhini ikichimbwa, hurudi?

Itazameni Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja. Huko udongo ni haba, chini ni maweni. Mawe hayo zamani yalikuwa matumbawe hai. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Iliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu yakafa, yakawa mawe.

Wazee wetu waliyatumia vizuri. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe. Mji Mkongwe nao ulijengwa kwa mawe ya namna hiyo, kwa chokaa na kwa boriti za mikoko.

Chokaa hupatikanaje? Magogo hupangwa, mawe huwekwa juu yake, kisha tanuu huwashwa moto. Jiwe likiungua huwa chokaa. Basi tanuu moja hula mali mbili. Mti ukikatwa kwa busara, kisiki huchipua. Jiwe halichipui.

Labda mmoja wenu atasema, "Lakini matumbawe ya baharini bado yanakua!" Ni kweli. Lakini tumbawe gumu la duara hukua kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo lenye kimo cha nusu mita limechukua miaka 50 hivi. Tena, ukilivunja likiwa hai, unabomoa boma linalopunguza nguvu ya mawimbi mbele ya kijiji, na nyumba ya samaki pia.

Shikeni kanuni hii: mali inayorudi hupimwa kwa umri wa binadamu. Ikirudi baada ya miaka maelfu, kwetu sisi hairudi. Ndivyo ilivyo dhahabu ya Geita, na almasi za Mwadui zilizogunduliwa mwaka 1940. Chumvi ya bahari ni tofauti: maji yakikaushwa na jua, bahari huleta mengine.

Watu wa Bwejuu wanazo pia mali zinazorudi. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa, hupondwa, kisha husokotwa kamba. Na mnazi huzaa tena. Kilimo cha mwani kilianza pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, na vipande vyake hufungwa tena kambani kuwa mbegu.

Basi tuache kujenga? La. Jiwe halizaliwi upya, lakini halipotei upesi. Ukuta ukibomoka, mawe yake hujenga ukuta mwingine, kama dhahabu ya pete iliyovunjika inavyoyeyushwa ikawa pete nyingine. Anayeokota jiwe la gofu huliacha jingine ardhini kwa ajili ya mjukuu wake.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Tanuu la chokaa hula mali gani mbili? Ipi hurudi?
2. Kwa nini chumvi ya bahari si sawa na almasi?
3. Katika kijiji chenu, ni mali gani mnayoichukua isiyorudi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.