Folda Hutwikwa, Haipachikwi

Stima ikipotea na kurudi katika saiba ya sokoni Kola, kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote, kompyuta zote huwaka kwa mpigo. Ruta hukawia kidogo, na seva yenye folda ya pamoja hukawia zaidi. Mashine ya kaunta, inayotumia Linux, huitafuta folda hiyo ingali inawaka, isiipate, ikaendelea na mengine. Mteja anataka fomu zake zilizoskaniwa jana. Folda ikifunguliwa, ndani hamna kitu. Fundi anaandika mount -a, na faili zote zinajitokeza.

Alichokifanya fundi kinaitwaje kwa Kiswahili? Wapo wanaong'ang'ania kupachika, na wapo wanaosema kupandisha. Yote mawili ni maneno ya watu waliokaa na kamusi bila kumwuliza fundi hata mmoja. Kupachika kuna kazi yake: mshale hupachikwa kwenye upote, na video hupachikwa katika ukurasa wa tovuti. Kupandisha nako kumeshaelemewa na bei, bendera na picha zinazotumwa mtandaoni.

Kosa la kupandisha huenda lilianzia kwenye asili ya neno la Kiingereza mount, lililopitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mlima. Watafsiri wakaukimbilia mlima, wakaiacha kazi yenyewe. Katika vyumba vya kompyuta vya miaka ya 1960, mhudumu aliinua gurudumu la utepe kwa mikono na kuliweka juu ya mtambo ili lisomwe. Unix ilipotoa mwongozo wake wa kwanza, Novemba 1971, amri ya mount ilikuwamo, na jina likabaki hata pale folda zilipoanza kusafiri kwenye waya.

Kiswahili kinalo neno la kitendo hicho: kutwika. Kumtwika mtu ni kumwinulia mzigo na kumwekea kichwani au mgongoni. Lazima mbebaji awe amesimama, na lazima mzigo uwe umefika. Kimoja kikikosekana, hakuna kutwikana. Hilo ndilo linaloikuta mashine ya kaunta. Mzigo wenyewe hubaki mali ya mwenyewe, kama folda inavyobaki kwenye seva. Tena neno hili limekuja na jamaa zake. Kuondoa folda ni kuitua, na mashine inayoichukua bila kuamriwa inajitwika, kitenzi ambacho magazeti hukitumia kila siku kwa majukumu. Na anayepinga kwa kusema mashine haina kichwa ameshakubali kipanya na dirisha, basi hana hoja.

Kwa fundi wa Kola: katika mstari wa folda hiyo ndani ya faili ya fstab, aongeze nofail, mashine isikwame kuwaka seva ikikosekana, na x-systemd.automount, ili ijitwike folda pale tu mtu anapoifungua.