Vyombo Vilivyotembea Nchi Kavu

Kiangazi kilichopita mpwa wangu alipanda kutoka Goma hadi kwetu Nyamitaba akiwa na picha kwenye simu. Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, ya faiba, imelazwa juu ya trela lake, na nyuma imefungwa moteri ya Yamaha. Mwenye nayo alikuwa anahama, akiuza vyote kwa pamoja. "Mjomba, niinunue?" Aliniuliza mimi kwa sababu nimefundisha historia katika shule za Masisi karibu maisha yangu yote ya kazi, na kwa sababu zamani nilishirikiana na ndugu zangu kumiliki moteri kuukuu kule Minova. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimsimulia jinsi vyombo vilivyofika katika nchi hii, kwa maana naamini mtu wa Kivu asiyejua habari hiyo hawezi kukadiria bei ya mashua.

Sisi ni watu wa milimani. Hapa Nyamitaba utajiri ni ng'ombe, maharage, viazi na jibini. Maji yetu ya karibu ni maziwa ya Mokoto, ambako wavuvi wanatumia mitumbwi ya gogo moja, na ambako watawa wa Kitrapisti walijenga monasteri yao mwaka 1954. Ziwa kubwa, Kivu, liko chini kusini kwetu, ukishapita Sake. Lakini hata hilo la chini liko juu: mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Maji yake huondoka kwa mto Ruzizi, unaoporomoka mita karibu 700 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Mporomoko huo ndio ufunguo wa historia yetu. Hakuna chombo kinachoweza kuingia Kivu kwa maji. Ama kimechongwa hapahapa kwa miti ya misitu yetu, ama kimepandishwa mlimani kwa nguvu za watu.

Na watu walivipandisha kweli, kote katika maziwa makuu. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alifika Zanzibar na mashua ya tanga na makasia iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza, urefu wake futi 40, yaani mita 12 hivi. Iliundwa kwa vipande vya kuunganishwa, ili ibebwe na wapagazi. Vipande hivyo vilipowekwa mbele ya watu wa kuvibeba vilionekana kuwa vizito mno, navyo vikabidi vigawanywe tena kulekule Zanzibar kabla ya safari kuanza. Aliyeagiza alikuwa amefikiria maji. Mabega ndiyo yaliyomlazimisha afikirie njia.

Novemba mwaka huo msafara ukatoka Bagamoyo. Lady Alice ilizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876, kisha ikapelekwa hadi Nyangwe, ikateremka mto Kongo. Kila penye maporomoko watu waliishusha kwa kamba au kuivuta nchi kavu. Nahodha wake wa usukani alikuwa Uledi, mtu wa msafara kutoka Zanzibar, ambaye Stanley mwenyewe aliandika jinsi alivyowaokoa wenzake wengi wasizame. Mashua iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila mwishoni mwa Julai 1877, siku chache kabla ya msafara kufika Boma. Wanafunzi wangu waliijua safari hiyo kuwa ya Stanley. Niliwataka waijue pia kuwa ya Uledi, na ya wale waliobeba mbao zile tangu pwani, ambao wengi wao hawakurudi.

Miaka 40 hivi baadaye zilikuja mashua mbili zenye urefu uleule, na hizi ndizo naziita babu wa kile mpwa wangu alichokiona kwenye simu, kwa kuwa zilikuwa na injini za petroli na zilivutwa juu ya magurudumu. Ni Mimi na Toutou, za jeshi la majini la Uingereza, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kazi yake ilikuwa kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba. Trekta za mvuke ziliburuta mashua. Zilipozidiwa, waliongezwa ng'ombe wa kukokota, na ng'ombe walipozidiwa, watu walishika kamba. Watu wa vijiji vya njiani walikata miti, wakajaza makorongo na kujenga madaraja. Penye ukame wanawake walibeba maji vichwani ili trekta zile zipate mvuke. Kisha ikaja treni tena, mto Lualaba, na treni nyingine kutoka Kabalo hadi ufukweni, palipo Kalemie ya leo. Walifika mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Wajerumani nao walikuwa na chombo kilichosafiri nchi kavu. Meli yao Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku na kuletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kuhudumia watu wa Tanganyika kwa jina la Liemba. Jina la kwanza lilikuwa la afisa wa Kijerumani aliyefika ufukweni mwa Kivu mwaka 1894. Na vita hivyo havikuliacha ziwa letu: mwaka 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, nao Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916.

Katika habari hizi zote majina ya makamanda yamehifadhiwa, na majina ya meli pia. Majina ya wanawake waliobeba maji ya trekta sijawahi kuyakuta katika kitabu chochote nilichosoma. Jambo hilo linaniuma. Bila maji yale Mimi na Toutou zingebaki mlimani.

Kilichopunguza mzigo huu wa kubeba vyombo ni moteri ndogo ya kufungwa nyuma ya chombo. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza ya kwake mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu tu. Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba mtu mmoja angeweza kuifungua na kuondoka nayo. Katika nchi ya milima fadhila hiyo ina thamani kuliko mwendo. Kampuni ya Yamaha ilianza kutengeneza za kwake mwaka 1960, na mpaka leo jina hilo ndilo utakalolisikia zaidi kwenye fukwe zetu. Moteri yetu ya Minova ilikuwa ya farasi 15. Kila jioni tuliifungua, tukaipakia kwenye chukudu na kuirudisha nyumbani, kwa sababu iliyolala ufukweni huamkia kwa mwingine. Chukudu, gari letu la mbao la magurudumu mawili linaloteremsha viazi na makaa kutoka Masisi, ndilo trela tulilojitengenezea wenyewe.

Hata hivyo kasia halijafa. Samaki tunayemtegemea zaidi, sambaza, aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Wavuvi wake wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanawasha taa usiku kumvuta samaki, nao wengi wanakwenda uvuvini kwa kupiga makasia huku wakiimba.

Basi nilimwonyesha mpwa wangu mambo ya kuangalia. Moteri iliyofanya kazi baharini, Mombasa au Dar es Salaam, huwa imeliwa na chumvi kwenye njia za maji ya kupoza, hata kama rangi ya nje inang'aa. Iwashwe ikiwa majini, na maji yatoke nyuma kwa nguvu bila kukatika. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Kama ni ya mipigo miwili, aulize petroli huchanganywa na oili kwa kipimo gani. Na asisahau mwinuko: hewa ya Kivu ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja kati ya saba ya nguvu yake. Mashua yenyewe aikague chini ya tumbo, pale trela linapoibana, maana faiba hupasuka taratibu kwa mitikisiko ya mawe ya volkano. Tena asiiegeshe bondeni kati ya Goma na Sake, ambako mazuku, hewa ya sumu itokayo ardhini, hujikusanya na kuua ng'ombe na watu bila harufu.

Tanga nalo nililisifu. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani, na petroli inapopanda bei mtu mwenye tanga bado anafika. Lakini ziwa hili si la mchezo. Vita vya miaka hii vilipoifunga barabara ya Minova, watu na mazao yao walihamia majini, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti liitwalo Merdi, lililojaa kupita kiasi, lilizama mbele ya bandari ya Kituku, ufukwe wa Goma ukiwa unaonekana. Makumi ya watu walikufa. Barabara ilipokatika, uzito wake wote uliangukia chombo kimoja.

Ndiyo maana nasema bei ya mashua Kivu haijakamilika mpaka uongeze bei ya njia: Fuso ya kuvuta trela, vizuizi vya barabarani, vijana wa kuinua tumbo la mashua penye tope, na vesti ya kuokolea kwa kila atakayepanda. Nilimwambia mpwa wangu ainunue, kama anaweza kulipa hayo yote bila kupunguza hata moja. Vijana watakaoibeba awalipe siku hiyohiyo, ufukweni, kabla mashua haijagusa maji. Na katika daftari la chombo, chini ya namba ya moteri na jina la muuzaji, aandike majina yao, kila mmoja kwa jina lake kamili.