Kasi, umbali na muda: hesabu ya safari kutoka Mombasa hadi Butere

Ni nadra mwanafunzi kumaliza shule bila kukutana na swali la gari lililoondoka saa fulani, likaenda kwa kasi fulani, akaulizwa litafika lini. Wengi huliogopa. Kwa wazazi wa Pwani swali hili si la darasani tu. Kila mwaka wako watoto wa Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu wanaopangiwa shule za bara, na mojawapo ni shule ya kitaifa ya wasichana ya Butere, kaunti ya Kakamega. Kwa barabara, kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, Nairobi hadi Kisumu takriban 350, na Kisumu hadi Butere kama 50. Jumla ni kilomita 880. Mzazi anayejua kupiga hesabu ya safari hiyo hachelewi langoni, na hamhimizi dereva akimbize gari.

Makala haya yanaeleza hesabu hizo hatua kwa hatua. Mwenye mtoto wa sekondari amsomee, au asome naye.

Kanuni ni moja tu

Kasi ni umbali unaokwenda katika kila kipimo kimoja cha muda. Tukiandika U kwa umbali (au masafa, kama tunavyosema huku kwetu), K kwa kasi na M kwa muda, basi:

U = K × M

Ukitafuta kasi, gawa umbali kwa muda: K = U ÷ M. Ukitafuta muda, gawa umbali kwa kasi: M = U ÷ K. Vitabu vya shule zetu hutumia herufi D, S na T kwa sababu vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maana haibadiliki.

Kasi si lazima iwe kilomita kwa saa. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Kisumu Disemba 1901, masafa ya takriban kilomita 930. Hiyo ni miezi kama 67. Gawa 930 kwa 67, utapata kilomita 14 hivi kwa mwezi. Hiyo nayo ni kasi, ila ni ya ujenzi.

Wazee wetu walipima umbali kwa muda wenyewe. Katika fiqhi, msafiri hufupisha sala akikusudia safari ya marhala mbili, na marhala ni mwendo wa siku moja. Wanazuoni wengi wa siku hizi huikadiria marhala mbili kuwa kilomita 80 na ushei, yaani kama 40 kwa siku. Mtu akitembea saa 8 kwa siku, 40 ÷ 8 ni kilomita 5 kwa saa, na ndiyo kasi ya binadamu anayetembea kwa miguu. Misafara ya biashara iliyotoka Pwani karne ya 19 kwenda Wanga, kwa Nabongo Mumia, jirani kabisa na Butere, ilikwenda polepole zaidi kwa sababu ya mizigo. Tukichukulia kilomita 16 kwa siku, kilomita 880 zingechukua siku 55. Kwa mwendo huo ndiyo Uislamu ulifika Mumias.

Mtego wa kwanza: dakika si desimali

Saa 1 na dakika 20 si 1.20. Saa ina dakika 60, si 100. Kabla ya kutia muda katika kanuni, gawa dakika kwa 60. Dakika 30 ni 0.5, dakika 45 ni 0.75, dakika 15 ni 0.25, na dakika 20 ni theluthi moja ya saa.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa kwa muda wa saa 1 na dakika 20, umbali ni 60 × 4/3 = kilomita 80. Mwanafunzi anayeandika 60 × 1.20 atapata 72, na alama zote zimekwenda.

Kadhalika, kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawa kwa 3.6. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Dereva anayetazama simu sekunde 2 kwa kasi hiyo amekwenda mita 44 bila kuiona njia.

Mtego wa pili: saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Tiketi ya treni ikiandika 15:00, sisi twasema saa tisa alasiri. Kuigeuza saa ya tiketi kuwa ya kwetu, toa 6. Ikizidi 12 baada ya kutoa, toa 12 tena. Saa 21:00 ukitoa 6 ni 15, ukitoa 12 ni saa tatu usiku. Usichanganye saa mbili hizi katika swali moja: ukiondoka kwa saa ya tiketi na kufika kwa saa ya Kiswahili, jibu litakosea kwa saa 6 au zaidi.

Lakini saa yetu ina faida yake. Siku yetu hugeuka magharibi, si katikati ya usiku. Basi likiondoka Mombasa saa 3 usiku na kufika Nairobi saa 12 asubuhi, safari ni 12 − 3 = saa 9, basi. Anayetumia 21:00 na 06:00 lazima kwanza ahesabu hadi saa sita usiku, kisha aongeze. Ikiwa safari inavuka magharibi, kwa mfano kutoka saa 8 mchana hadi saa 2 usiku, ongeza 12 kwenye saa ya kufikia: 14 − 8 = saa 6.

Kasi ya wastani

Basi hilo la usiku limekwenda kilomita 480 kwa saa 9, yaani kilomita 53 hivi kwa saa. Sindano ilikuwa ikionyesha 80 mara nyingi, lakini kuna kusimama Voi, kuna Mtito Andei, kuna foleni ya malori. Kasi ya wastani ni umbali wote kugawa kwa muda wote, kusimama kukiwemo. Hata treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na kuundwa kwa kasi ya 120, ikienda takriban kilomita 470 kwa saa 5, wastani wake ni 94.

Usijumlishe kasi mbili na kugawa kwa 2. Tuseme matatu imetoka Kisumu hadi Butere, kilomita 50, kwa kasi ya 50, na kurudi kwa kasi ya 25. Wengi watajibu wastani ni 37.5. Si kweli. Kwenda ni saa 1, kurudi ni saa 2, jumla kilomita 100 kwa saa 3, yaani 33.3 kwa saa. Mwendo wa polepole hula muda mrefu zaidi, ndiyo maana huvuta wastani chini.

Hapa ndipo x inapoingia

Neno aljebra limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, katika jina la kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi huko Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kazi yake ni hii: kile usichokijua kipe jina, kiweke kwenye mlinganyo, kisha pande mbili zilingane mpaka kijitokeze.

Wanaokutana. Reli ya Kisumu hadi Butere ina kilomita 69 na Butere ndiyo mwisho wake. Ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1930 na ni njia moja tu. Tuseme treni imeondoka Kisumu kwa kilomita 26 kwa saa, na wakati huo huo kigari cha mafundi wa reli kimeondoka Butere kwa 20. Watakutana baada ya saa ngapi?

Muda ni x. Treni imekwenda 26x, kigari 20x, na wakikutana jumla ni njia nzima:

26x + 20x = 69
46x = 69
x = 1.5

Watakutana baada ya saa moja na nusu, kilomita 39 kutoka Kisumu na 30 kutoka Butere. Kwenye njia moja, jibu hili ndilo linalomwambia msimamizi ni stesheni gani mmoja apishe. Akikosea, hakuna pa kukwepea.

Anayefukuza. Matatu imeondoka Butere kwenda Kisumu kwa kasi ya 40. Dakika 15 baadaye mjomba anagundua mtoto amesahau sanduku, anaifuata kwa gari kwa kasi ya 60. Muda wa mjomba ni x, na matatu imemtangulia kwa robo saa:

60x = 40(x + 0.25)
60x = 40x + 10
20x = 10
x = 0.5

Ataifikia baada ya nusu saa, kilomita 30 kutoka Butere. Hakiki: matatu imekwenda saa 0.75 × 40 = 30. Sawa.

Anayetaka kufidia muda. Hili ndilo swali linaloua watu. Kampuni imeahidi abiria Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480, kwa saa 6. Kilomita 60 za mwanzo, mpaka kupita Mariakani, foleni imelifanya basi litambae kwa 30 kwa saa. Zimekwenda saa 2. Ili ahadi itimie, kilomita 420 zilizobaki ziende kwa kasi x:

x × (6 − 2) = 420
x = 105

Basi la abiria Kenya haliruhusiwi kupita 80, na ndiyo sababu ya vidhibiti mwendo vilivyolazimishwa wakati wa kanuni za waziri John Michuki. Kwa 80, kilomita 420 ni saa 5 na dakika 15. Basi litafika saa 1 na dakika 15 baadaye, na hakuna la kufanya.

Tazama tena ahadi yenyewe. 480 ÷ 6 ni 80 kamili. Basi lisilopita 80 litatimiza saa 6 ikiwa tu halitasimama hata mara moja, halitapunguza mwendo mjini, wala halitakuta lori mbele. Ratiba hiyo si ratiba, ni amri kwa dereva avunje sheria. Abiria anayejua kugawa ataiona kwenye bango kabla ya kulipa nauli. Na akumbuke kwamba kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa gari kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne.

Hesabu ya mzazi

Tuseme shule inataka wanafunzi wawe wamefika kabla ya saa 11 jioni. Umefika Nairobi saa 12 asubuhi. Zimebaki kilomita 400. Kwa wastani wa 50, ni saa 8. Ongeza saa 1 ya chakula na sala, maana msafiri ameruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri. Jumla saa 9. Toa 9 kutoka 11: lazima gari liondoke Nairobi saa 2 asubuhi. Ukiondoka saa 4, umebakiwa na saa 7, ukitoa moja ni 6, na 400 ÷ 6 ni wastani wa karibu 67. Njia ya kupanda na kushuka Bonde la Ufa haitakupa wastani huo kwa salama. Basi kata tiketi ya mapema.

Maswali ya mazoezi

1. Treni imeondoka Kisumu saa 2 asubuhi, ikafika Butere saa 5 asubuhi. Njia ni kilomita 69. Kasi ya wastani ni ipi?

2. Basi limekwenda kilomita 150 kwa kasi ya 60, kisha kilomita 200 kwa kasi ya 50. Tafuta kasi ya wastani ya safari nzima.

3. Matatu mbili zimeondoka wakati mmoja, moja Kisumu kwa 40, nyingine Butere kwa 60. Njia ni kilomita 50. Zitakutana wapi?

4. Mtu ametembea kwa kilomita 5 kwa saa, kisha akapanda bodaboda ya kilomita 40 kwa saa. Safari nzima ni kilomita 26 na imechukua saa 1. Ametembea kwa dakika ngapi?

Majibu: (1) Kilomita 23 kwa saa. (2) Saa 2.5 na saa 4, jumla 6.5, 350 ÷ 6.5 ni karibu 53.8 kwa saa. (3) Baada ya dakika 30, kilomita 20 kutoka Kisumu. (4) 5x + 40(1 − x) = 26, kwa hivyo 35x = 14, x = 0.4, yaani dakika 24.

Mwanafunzi aliyepata la nne bila kuchungulia hana haja ya kuogopa swali la aina hii kwenye mtihani.