Abbott wa Majina Manne

Mwaka wa 1963, Kenya ilipopata uhuru, Heinemann walichapa kitabu cha fizikia cha A. F. Abbott, Ordinary Level Physics. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ikatoa Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Sisi wa fasihi tunajua sana hiyo ya pili, lakini pesa za Heinemann zilitoka kwa vitabu vya shule. Kwa maneno mengine, waliokesha na mizani na lenzi walichangia kulipia riwaya tunazozisifu.

Waliokisoma hukiita Abbott tu, kama mjomba mkali. Nakala yangu nilinunua Thika, kwa muuza mitumba, shilingi 150. Mgongo umeshikwa na selotepu, kona zimelika, ukurasa mmoja una duara la kikombe cha chai.

Wanaokusanya vitabu vya zamani hutaka toleo la kwanza, jalada safi, kurasa bila alama. Kwa kipimo hicho changu ni takataka. Lakini ndani ya jalada kuna majina manne ya wanafunzi, kila mmoja amekata la mwenzake: 1974, 1979, 1983, 1987. Orodha inakomea hapo kwa sababu. Mfumo wa 8-4-4 uliingia 1985, KCE ikafanywa mara ya mwisho 1987, na KCSE ya kwanza ikaja 1989. Abbott akaachwa stoo.

Kando ya mchoro wa dinamo, mmoja wao ameandika kwa penseli neno moja: Ndula. Ni kituo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1920 kutumia maji ya Mto Thika. Kitabu kiliandikwa Uingereza, na mifano yake ni ya huko. Huyu mwanafunzi akatafuta mto wa kwao, akauingiza mwenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sijawahi kuona jibu zuri zaidi la mtihani.

Juzi mnunuzi mmoja alikuja hadi Ruiru kukiona. Alitoa 1,500, akaongeza kwamba angefika 2,500 nikifuta hayo maandishi ya penseli. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku sita, na raba ilikuwa mezani.

Nilimwambia asubiri toleo safi, atalipata tu. Ndula iko kwa hii moja.