Mashine ya Kumiliki au ya Kupanga: Historia Fupi ya Programu za Kuratibu Kazi za Biashara, Ikitazamwa kutoka Kyambogo

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia swali ambalo mfanyabiashara wa Kyambogo, Banda au Nakawa hukutana nalo anapotaka kuondoa kazi ya kurudiarudia mikononi mwa karani: je, programu ya kuratibu kazi ikae kwenye seva ya kampuni nyingine na kulipiwa kwa mwezi, au isimikwe kwenye mashine ya biashara yenyewe? Programu hizo huunganisha hatua za kazi: oda ikiingia, ankara inaandikwa, hesabu ya stoo inapunguzwa, mteja anapata ujumbe. Zapier, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, hutolewa kwa kupanga tu. n8n, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2019, hupangwa au husimikwa na mtumiaji mwenyewe. Mara nyingi swali hili hujadiliwa kana kwamba ni la bei. Hoja ya makala haya ni kwamba nchini Uganda uamuzi umetegemea zaidi jambo jingine: kazi ambayo haijatumwa hungoja wapi njia ya mawasiliano inapokatika.

Foleni ya zamani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na huduma ya baruapepe iliyojulikana kama MUKLA, iliyotumia mfumo wa FidoNet. Muunganisho wa kudumu haukuwapo. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta ya hapo hapo, kisha simu ilipigwa na mzigo wote ukapelekwa kwa mkupuo. Mwandishi wa barua hakujua ingefika saa ngapi, lakini alijua mahali ilipokuwa ikingoja. Kumiliki mashine wakati huo hakukuwa msimamo wa kisera. Hapakuwa na namna nyingine.

Namna nyingine ilikuja kutoka baharini. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Uganda, isiyo na pwani, ilizifikia kwa kupitia ardhi ya majirani. Kupanga huduma iliyo mbali kukawa jambo la kawaida, na kwa wengi lilikuwa nafuu ya kweli. Haifai kusahau kwamba mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja kudhoofika, Kampala iliishi kwa mgao wa umeme. Mwenye seva yake alikuwa pia mwenye jenereta yake, mafuta yake na fundi wake. Wanaosifu umiliki leo aghalabu huiruka sehemu hii ya historia.

Januari 2021

Mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, EFRIS, ulitangazwa kuwa wa lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani kuanzia 1 Januari 2021. Jioni ya 13 Januari, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi hadi 18 Januari. Ni vigumu kupata tarehe mbili zinazofunza zaidi kwa kukaribiana kwake.

EFRIS hutoa njia kadhaa. Mfanyabiashara anaweza kuandika ankara kwenye tovuti ya Mamlaka, kutumia kifaa maalumu, au kuunganisha mfumo wake mwenyewe na ule wa Mamlaka. Anayeunganisha mfumo wake anaweza kusimika programu ndogo kwenye mashine yake, inayotoa risiti hata njia ikiwa imekatika na kuzituma baadaye. Kimuundo, hii ni MUKLA iliyovaa nguo mpya. Anayetegemea tovuti peke yake hana foleni. Njia ikikatika, kazi yake haingoji, bali haipo. Kukatika huko hakuhitaji amri ya serikali: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaona athari zake.

Lugha nayo imechangia kuficha jambo hili. Neno "wingu" humfanya meneja adhani taarifa zake haziko mahali popote, ilhali ziko ndani ya jengo, katika nchi yenye sheria zake. "Mtiririko wa kazi" hudokeza mto usiokauka. Kaya za Kampala, zinazojaza madumu maji yanapotoka, zina fikra sahihi zaidi kuhusu miundombinu kuliko istilahi hizo.

Sheria na leseni

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa binafsi kuchakatwa nje ya Uganda ila pale ambapo nchi husika ina ulinzi wa kutosha au mhusika ameridhia. Duka la vifaa vya ofisi linalotunza namba za simu za wanafunzi wa Kyambogo kwenye huduma iliyopangwa ng'ambo limo ndani ya sheria hiyo, hata kama mwenye duka hajawahi kuisoma.

Hata hivyo, kumwambia mwenye duka asimike seva yake ni kumpa kazi ya pili. Nani ataisasisha? Nani ataamka betri ikiisha usiku? Busara ingekuwa fundi mmoja kuhudumia maduka kumi kwa seva moja, lakini leseni ya n8n ya mwaka 2022 inazuia hilo: biashara inaweza kuitumia bure kwa shughuli zake za ndani, na fundi anaweza kulipwa kwa kuisimika na kuitunza, ila haruhusiwi kuiweka kwenye seva yake na kuwatoza wengine kwa kuitumia. Kila duka, basi, lingehitaji usimikaji wake.

Vyuo vikuu vimepata njia ya kati. RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, huwapa wanachama wake seva zilizo ndani ya nchi, zinazotunzwa kwa pamoja. Uanachama huo ni wa taasisi za elimu na utafiti. Chuo kilicho juu ya kilima cha Kyambogo kinastahili kuingia. Mchapishaji aliye chini ya kilima, Banda, anayechapa mitihani ya shule na kutoa risiti za EFRIS kila siku, hastahili. Kwa sasa lililo ndani ya uwezo wake ni kugawa kazi: risiti na stoo zikae kwenye mashine yake yenye betri, matangazo na vikumbusho viende kwenye huduma ya kupanga, ambako kuchelewa siku tano hakumpotezei mauzo yaliyokwisha kufanyika.