Uwezekano Hauna Mwenyewe

Neno «uwezekano» limejengwa juu ya kitenzi «weza». Kiambishi -ek- hukitia katika kauli ya kutendeka, kisha hufuata -an-, kama katika «onekana» na «patikana», ambamo hakuna maana ya kutendana. Kwa hatua hizo mtenda hutoweka. Uwezo una mwenyewe: mkulima wa Hasamba, wilayani Mbozi, ana uwezo wa kuchuma kahawa yake. Uwezekano hauna mwenyewe: kuna uwezekano wa mvua kunyesha kabla kahawa haijakauka.

Ndugu zake wa maana wametoka mbali. «Yamkini» ni Kiarabu, yaani «inawezekana». «Pengine» ni mahali pengine. «Huenda» ni mwendo. Wa ajabu zaidi ni «labda», kutoka «la budda», maana yake «hapana budi». Neno la lazima limegeuka neno la shaka, ilhali «budi», lililotoka shina lilelile, limebaki na ulazima wake.

Tofauti ya uwezo na uwezekano iliwahi kupimwa katika nchi hiyohiyo ya Mbozi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikahitaji mno njia ya kufika bandarini pasipo kupita kusini. Reli ya kwenda Dar es Salaam ilikwisha kupendekezwa, lakini Benki ya Dunia iliona haina faida ya kiuchumi. «Hailipi» ni hukumu ya hesabu. Haina maana ya «haiwezekani». Nchi mbili changa zilikosa uwezo wa fedha, uwezekano ulikuwapo. Mwaka 1967 zilitia saini mkataba na China, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kufikia mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imetandikwa hadi Kapiri Mposhi, ikipita Vwawa na Tunduma.

Kwa hiyo mshairi na alipime neno hili kabla ya kulitia katika ubeti. Asemaye «siwezi» amejitaja. Asemaye «haiwezekani» amejificha nyuma ya kauli ya kutendeka, na msikilizaji ana haki ya kumuuliza: ni nani asiyeweza, au ni nani asiyetaka?