Gitaa Lisilo na Kichwa

Ndugu wahitimu wenzangu, katika mkutano wetu uliopita pale Ulemo, mwenzetu mmoja alitoa mfukoni gitaa la umeme lisilo na kichwa, jepesi, lenye kiwiliwili chembamba kama kasia. Tulicheka. Mimi, niliyekua nikisikiliza santuri za baba za NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, nilitamka wazi kwamba huo ni mchezo wa watoto.

Yafaa tujue asili yake. Mmarekani Ned Steinberger, aliyeanza kwa kubuni samani, ndiye aliyelitangaza umbo hilo tangu mwisho wa miaka ya 1970, kwanza katika gitaa la besi. Kichwa na funguo zake huielemea shingo, na mpigaji hulazimika kuitegemeza. Basi alikiondoa, akahamishia funguo mkiani, na badala ya mti akatumia nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi.

Mwenzetu yule alikuwa ameacha muziki kwa maumivu ya bega. Jioni ile alipiga kwa muda wa saa mbili, wima. Nilinyamaza. Kwa hiyo namwomba radhi hapa hapa, mbele yenu nyote mlionisikia.